Kwanza Tazama Kutu

Huko Marekani wako watu wanunuao motokaa kuukuu za miaka ya 1960 ili wazifufue na kuzitia nguvu. Ukiwa na ndugu huko mwenye tamaa hiyo, mwambie asidanganywe na rangi. Injini iliyokufa hubadilishwa. Bodi iliyoliwa na kutu humaliza fedha zote za nyumba. Ford Mustang, iliyotoka mwaka 1964, haina fremu ya peke yake: bodi ndiyo mifupa yake. Basi ainue zulia, agonge sakafu, amwage maji penye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele. (Mwuzaji atanuna; mwache anune.) Yakidondokea miguuni mwa dereva, aende zake. Ile ya silinda 6 ni rahisi, lakini akitaka kuitia silinda 8, breki na ekseli nazo hubadilishwa.