JUMAPILI ZA UGENINI: MWANAFUNZI WA MALINDI KATIKA MIJI YA ITALIA

Mtu akirudi kutoka masomoni Ulaya, barazani huulizwa maswali yale yale. Baridi ilikuwaje? Chakula ulikipata wapi? Na swala, je, ulisali? Hayo nilikuwa nimeyatayarishia majibu tangu ndani ya ndege. Swali lililonikwama kooni ni la ami yangu, aliyeniuliza siku ya tatu baada ya kufika nyumbani, kikombe cha kahawa mkononi: "Na siku zisizo za darasa, ukizipisha wapi?"

Naam, hilo ndilo swali. Darasani mwanafunzi ana mwalimu, ana kitabu na ana saa. Siku ya mapumziko hana mtu wa kumwambia keti wala simama, na hapo ndipo wazee wetu huwa na hofu. Hofu hiyo si ya bure.

Nilikwenda Italia mwaka 1996, kujifunza lugha kwa muda wa mwaka mmoja katika mji wa Perugia. Wasomaji wa Malindi hawatashangaa kwamba kijana wa huko alitamani Kiitalia. Waitalia tumewazoea tangu miaka ya sitini, walipojenga kituo chao cha kurushia setilaiti katika ghuba ya Ungwana, ambako setilaiti ya kwanza ilirushwa Aprili 1967. Baadaye wakaja watalii, wakaja wenye mahoteli, na watoto wetu wa ufukweni wakawa wanaisema lugha yao kabla ya kujua kuiandika. Mimi nilitaka kuiandika.

Kabla ya safari, mama alinipa barua niisome nikishafika. Alikuwa ameiandika kwa herufi za Kiarabu, kama waandikavyo watu wa rika lake. Ilikuwa na mambo matatu: nisile nisichokijua, nisikae penye ulevi, na nisiingie kanisani. Niliikunja nikaitia ndani ya msahafu wangu.

Perugia ni mji uliojengwa juu ya kilima, nao una chuo kinachofundisha wageni Kiitalia tangu miaka ya 1920. Jioni mji mzima hutoka kutembea. Wazee kwa watoto huishika njia moja kubwa iitwayo Corso Vannucci, wakaenda mpaka mwisho, wakageuka, wakarudi, kisha wakaenda tena. Hawaendi popote. Wanaamkiana, wanatazamana nguo, wanaulizana habari za wagonjwa. Mwenyeji wa pwani akiyaona hayo huelewa mara moja, kwani ni kama watu wetu wanavyotoka ufukweni baada ya alasiri. Kwenye ncha ya njia hiyo kuna chemchemi ya mawe ya karne ya 13, na mkabala wake ngazi za kanisa kuu. Wanafunzi wa kila nchi hukaa juu ya ngazi hizo mpaka usiku. Hilo ndilo lililokuwa baraza letu. Kukaa nje juu ya ngazi, nilijiambia, si kuingia.

Kahawa yao imo ndani ya kikombe kidogo kama chetu, lakini hakuna anayekaa nayo. Mtu huingia, husimama mbele ya meza, huimeza mara mbili tatu, hulipa na kutoka. Ukitaka kuketi kitako utatozwa zaidi. Jambo hili lilinisikitisha, hasa nikikumbuka kwamba kahawa yenyewe iliwafikia kutoka nchi za Waislamu kupitia bandari ya Venice, na jina lake mpaka leo ni la Kiarabu. Kahawa waliichukua, baraza wakaiacha!

Jumamosi ilivumilika. Jumapili ilikuwa ndefu. Maduka yamefungwa, na kila Mwitalia yuko kwao na mamake mezani tangu saa saba mpaka saa kumi. Mgeni hubaki na dirisha lake. Wenzangu wa darasani walikuwa wakipanga safari za miji ya karibu, nami nikitoa udhuru baada ya udhuru: leo kichwa, leo nafua, leo nina kazi ya mwalimu. Ukweli ni kwamba kila safari ya Italia huishia ndani ya kanisa na kisha kwenye meza yenye chupa, na barua ya mama ilikuwa imo ndani ya msahafu ikinitazama.

Novemba ile mwenzangu mmoja, Mmoroko, alinishika mkono akanitia ndani ya treni ya kwenda Assisi, mwendo wa kilomita 25 hivi. Assisi ndiko alikozaliwa Francis, mtawa maarufu wa Wakristo aliyeacha mali ya babake akaishi kwa ufukara. Juu ya kaburi lake wamejenga makanisa mawili, moja juu ya jingine, na kazi ilianza mwaka 1228. Wenzetu waliingia. Mimi nilibaki uwanjani nikipigwa na upepo wa mlimani, mikono kwapani.

Yule Mmoroko alirudi mbio. "Njoo uone," akasema, "kuna zawadi ya Sultani."

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1219, wakati wa Vita vya Msalaba, majeshi ya Ulaya yalikuwa yameuzingira mji wa Dimyati, huko Misri. Sultani wa Misri alikuwa al-Malik al-Kamil, mwana wa nduguye Salahuddin Ayyubi. Francis alivuka mistari ya vita bila silaha, yeye na mwenziwe mmoja, akataka kupelekwa kwa Sultani amhubirie. Ingekuwa rahisi kumkata kichwa. Sultani alimpokea, akamsikiliza, hakuigeuza dini yake, kisha akamrudisha salama kwa watu wake. Sultani huyo huyo aliwaahidi Wazungu kuwarudishia Baitul-Maqdis ili tu waondoke Misri, na mkuu wao aliyetumwa na Papa akakataa.

Nilisimama mlangoni kwa muda. Kisha nikaingia.

Miongoni mwa vitu vya Francis vinavyohifadhiwa mle ndani kuna baragumu ya pembe ya ndovu, ambayo wao wenyewe husema alipewa na Sultani. Si kubwa. Lakini mtu aliyekulia pwani yetu hawezi kuitazama pembe ya ndovu iliyochongwa ipulizwe asiikumbuke siwa ya Pate, ile iliyowekwa katika makumbusho ya Lamu, yenye urefu unaopita mita mbili, ambayo haikupulizwa ila kwa shughuli za wakubwa. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kunishuku.

Katika kanisa la juu kuna picha 28 za maisha ya Francis zilizochorwa ukutani, na moja yao inamwonyesha mbele ya Sultani. Hapo sikukubaliana na mchoraji. Amechora moto, na Francis yu tayari kuuingia kuthibitisha imani yake, huku maulamaa wa Sultani wakinyemelea kando kutafuta mlango. Kila mtu akichora ukutani kwake hujipendelea! Lakini Sultani mwenyewe amemchora kwa heshima, juu ya kiti chake cha enzi, na hilo nalo nililitia moyoni.

Usiku ule sikulala vizuri. Kumwandikia mama sikuthubutu. Nilimwandikia ami, nikamweleza yote, na mwisho nikamwuliza kama nimekosa. Jawabu lake lilichukua wiki tatu. Baada ya salamu za watu wote wa mtaani, hata za paka wa jirani, aliandika mistari michache. Kwamba wanazuoni wana kauli zaidi ya moja katika jambo hili, nami nisijifanye mufti. Kwamba Sayyidna Umar alipofika Baitul-Maqdis wasimulizi wanasema aliingia katika kanisa lao kubwa, na ulipofika wakati wa swala akatoka akasali nje, asije mtu baada yake akalifanya kanisa hilo msikiti kwa sababu ya swala yake. "Umekwenda kutazama au umekwenda kuabudu?" aliniuliza. "Kama ni kutazama, tazama sawasawa, ukirudi utusimulie. Na mama yako mwambie mwenyewe. Mimi simo."

Tangu hapo Jumapili zangu zilipata njia. Tulikwenda ziwa la Trasimeno, ambako Hannibal wa Carthage aliwavizia Warumi mwaka 217 kabla ya Masihi akawaangamiza ukingoni mwa maji. Siku hizi ni wavuvi na mashua za watalii. Ramadhani ilituangukia Januari 1997. Siku za majira hayo ni fupi, na jua la Perugia likichwa mnamo saa kumi na moja jioni tulikuwa tumekwisha kufuturu wakati wenzetu bado wanatoka darasani. Njaa haikuwa kitu. Baridi ya daku ndiyo iliyotutoa machozi.

Idi tuliisalia Roma, katika msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 1995, kazi ya mhandisi Mwitalia Paolo Portoghesi na wenziwe. Nguzo zake hupanda zikatawanyika juu kama makuti, ukiinua uso wadhani umo ndani ya shamba la minazi. Nje ya msikiti watu walikuwa wakiuziana tende na nyama ya halali. Katika zogo hilo nilimsikia mzee akimgombeza mjukuuwe kwa maneno niliyoyafahamu nusu yake. Nilidhani masikio yananidanganya. Alikuwa mtu wa Barawa, akisema Chimwini chake! Tulikumbatiana kama watu wa nyumba moja.

Mwishoni mwa Machi, likizo ya Pasaka, nilikwenda Palermo, katika kisiwa cha Sisilia. Watu wa Mombasa walioizoea feri ya Likoni watalipenda hili: pale kwenye mlango wa bahari, mabehewa ya treni hukatwa vipande na kusukumwa ndani ya meli pamoja na abiria wake, wakavushwa hadi Messina, kisha yakaunganishwa tena. Mimi nilikuwa nimesinzia, nikaamka nikaona treni inayumba.

Waislamu waliitawala Sisilia zaidi ya miaka mia mbili kabla ya Wanormani kuichukua katika karne ya 11. Mfalme Roger wa Pili, ingawa Mkristo, alimweka kwake mwanajiografia al-Idrisi, aliyekitimiza kitabu chake mwaka 1154, na ndani yake mkatajwa Malindi na chuma chake. Nilipita katika vichochoro vya Palermo nikijua kwamba mji wetu uliandikwa hapa karne nane zilizopita.

Kwenye baraza ya kanisa kuu la Palermo, nguzo moja ina maandishi ya Kiarabu. Ni Qur'ani, Suratul-A'raf, aya ya 54. Niliyanakili katika daftari herufi kwa herufi, huku wapita njia wakinitazama.

Daftari hilo ndilo nililompa ami siku ile aliponiuliza swali lake. Alivaa miwani. Hakufika hata katikati ya mstari, akafumba macho akaimalizia aya kwa moyo mpaka mwisho. Mama alikuwa nyuma ya mlango akisikiliza; nilikuwa nimekwisha kumwambia, naye aliniuliza tu kama kanisani mlikuwa na baridi.

Kisha ikabidi niwaambie habari iliyotufikia wiki ile ile. Tarehe 26 Septemba 1997 zilzala ilipiga Assisi, dari ya kanisa la juu ikaanguka, na watu wanne waliokuwa ndani wakafa, watawa wawili na mafundi wawili. Ami alinyamaza kwa kitambo.

"Na ile pembe ya Sultani?" akauliza.

Nilimwambia ilikuwa katika kanisa la chini.