Urithi wa Luteni Columbo

Siku za mwizi ni arobaini, walisema wazee wetu. Lakini hawakutuambia ni nani atakayezihesabu. Katika televisheni ya Marekani kazi hiyo alikabidhiwa mtu mmoja mwenye koti la mvua lililokunjamana, sigara kubwa mkononi na gari kuukuu la Peugeot: Luteni Columbo wa polisi ya Los Angeles.

Mpelelezi huyo alibuniwa na Richard Levinson na William Link. Peter Falk alicheza nafasi hiyo mara ya kwanza mwaka 1968. Mfululizo wenyewe ulionyeshwa kuanzia 1971 hadi 1978, ukafufuliwa mwaka 1989, na filamu ya mwisho ikatolewa mwaka 2003. Falk alifariki dunia mwaka 2011, lakini Columbo hakuzikwa naye. Mwaka 2014 mji wa Budapest, huko Hungaria, ulimsimamishia sanamu, mbwa wake akiwa miguuni pake.

Je, ni kitu gani kilichompa umri mrefu hivyo? Hadithi nyingi za upelelezi humficha mwuaji hadi mwisho. Hizi humwonyesha tangu mwanzo, mtindo ambao Mwingereza R. Austin Freeman aliutumia katika hadithi zake zilizochapishwa mwaka 1912. Kwa hiyo mtazamaji haulizi ni nani aliyeua, bali kosa litathibitishwa vipi.

Na wauaji wenyewe si wachovu wa vichochoroni. Ni madaktari, mawakili, waandishi na matajiri, watu waliozoea kutiiwa. Humwona luteni kuwa mshamba, nao husahau kwamba mdharau mwiba guu huota tende. Yeye hapigi mtu wala hategemei bastola. Huomba radhi, huaga, kisha hugeuka mlangoni kuuliza jambo moja zaidi.

Wako watakaosema kwamba hayo ni maigizo tu, na kwamba baadhi ya mitego ya luteni isingesimama mbele ya hakimu. Hatuwabishii. Tena twaongeza kwamba Columbo ana bahati ambayo askari wa kweli hana: sisi watazamaji tumekwisha kuliona kosa likitendeka, nasi twajua kwamba hakumshuku asiye na hatia.

Lakini hapo ndipo penye fundisho. Ikiwa mpelelezi ambaye shaka yake ni ya haki bado hana budi kutafuta ushahidi, sembuse yule anayeweza kukosea? Kumjua mhalifu si kumthibitisha, na ungamo lililopatikana kwa kipigo halithibitishi kitu ila maumivu.

Huo, kwa maoni yetu, ndio urithi wa mfululizo huu: kwamba sheria yaweza kuufikia mlango wa mkubwa bila ya kuuvunja, na kwamba silaha bora ya mpelelezi ni subira. Anayezihesabu siku arobaini na azihesabu moja moja, asiruke hata moja.