Kufua Nguo Katika Nchi ya Maji Adimu

Katika kaunti za Kitui na Makueni, ambako mito kama Tiva na Kaiti hukauka muda mrefu wa mwaka, hata watu wakafukua mchanga wake ili wateke maji, aghalabu nguo huchakazwa na kufuliwa kuliko kuvaliwa. Maji ya visima virefu mara nyingi yana chokaa, nayo ikikutana na sabuni ya mche hufanya utando mweupe usioyeyuka, ambao hujipenyeza katika nyuzi ukalifanya shati kuwa gumu na kufifia. Kwa hiyo maji ya mvua yaliyokingwa mabatini ni hazina, yawekwe kwa kufulia, na ya kisima yatosheleze kuroweka.

Kabla ya hapo, nguo na ikung’utwe ingali kavu, kwani chembe za mchanga zilizosalia katika mkunjo wa kola, zikisuguliwa, hukata uzi mmoja baada ya mwingine. Na kwa rai yangu ndizo zinazoangamiza sare za shule.

Gauni la kitenge ligeuzwe ndani nje, lianikwe kivulini penye upepo, maana jua kali hupausha rangi, wala lisitandazwe juu ya ua wa miiba.