Mtafiti wa Saratani Hupimwa kwa Mizani Gani?

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Nadhani ungali unaikumbuka siku ya ushauri wa kazi muhula wa pili, tulipoletewa mgeni ambaye ni mtafiti wa saratani. Alipokuwa akitambulishwa tuliambiwa kwamba ameandika makala zaidi ya tisini, na kwamba makala hayo yametajwa zaidi ya mara elfu tatu. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, ingawa sikujua nashangilia nini. Ndipo kijana mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye hajui kunyamaza, akainua mkono akauliza: "Samahani daktari, umetajwa na nani, na kwani ulikuwa umefanya nini?" Watu wakaangua kicheko. Mgeni hakucheka. Alisema hata wao wenyewe wanabishana juu ya swali hilo, lakini kabla hajaendelea kengele ya chakula ikalia, na unaijua shule yetu na chakula.

Tangu siku hiyo nimelifuata swali lile maktabani na kwa walimu wa Biolojia. Kumbe jibu lake linapitia hapa hapa kwetu, Homa Bay na Migori.

Tuanze na kutajwa kwenyewe. Mtafiti akimaliza kazi yake huiandika na kuipeleka kwenye jarida la kitaalamu. Mhariri huwapa wataalamu wengine wawili au watatu waisome na kuikosoa, na kwa kawaida mwandishi haambiwi ni akina nani. Ikipita, huchapishwa. Baadaye mtafiti mwingine akiitumia ni lazima aitaje mwishoni mwa makala yake, kama sisi tunavyotakiwa kutaja kitabu tulikotoa hoja ya insha (wengine wetu hatutaji, na Mwalimu anatujua). Kila kutajwa kwa namna hiyo ni hesabu moja. Mmarekani Eugene Garfield ndiye aliyelipendekeza wazo la kuzikusanya hesabu hizo mwaka 1955, na mwaka 1964 akatoa faharasa yake kubwa ya sayansi, inayoonyesha nani amemtaja nani. Siku hizi kompyuta ndiyo inayohesabu.

Sasa nikupe kisa ambacho chatosha kuipima mizani hiyo.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, Daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt aje amwone mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mtoto yule alikuwa amevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt, Muayalandi aliyepoteza jicho moja utotoni, hakujua ni ugonjwa gani. Baada ya muda mfupi akaenda hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani, akamwona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Mmoja angeweza kuwa ajabu tu, lakini wawili wakamtia wasiwasi. Alirudi akapekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha makala katika jarida la wapasuaji la Uingereza akieleza habari za watoto 38.

Unadhani dunia ilitikisika? Wapi! Makala yale yalilala. Waliokuwa wakisoma jarida lile walikuwa wapasuaji wa Ulaya, ambao hawakuwa na mtoto hata mmoja wa namna ile katika wodi zao. Lau Burkitt angepimwa mwaka 1960 kwa kuhesabu waliomtaja, angeambiwa kijana, tafuta kazi nyingine.

Yafaa pia nikuambie kwamba Burkitt hakuwa wa kwanza kuuona ugonjwa huo. Daktari Albert Cook, aliyefika Uganda mwaka 1897 na kuanzisha hospitali ya Mengo, alikuwa ameandika habari zake na kuchora picha za watoto wenye uvimbe wa taya katika madaftari ya wagonjwa wake. Madaftari yakabaki kabatini kwa miaka mingi. Hapo namtetea yeyote anayesema ni lazima mtafiti achapishe: mtu anaweza kuona jambo kwa macho yake mawili, na asipoliandika mahali pa kusomwa, wanaokuja nyuma yake wataanza upya.

Kilichomtoa Burkitt gizani ni mambo mawili, na hakuna hata moja lililohesabiwa na faharasa. La kwanza ni gari. Aliposhuku kwamba ugonjwa unafuata nchi na hali ya hewa, alinunua gari kuukuu aina ya Ford, na tarehe 7 Oktoba 1961 akaondoka Kampala pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Walisafiri wiki kumi, mwendo wa maili 10,000 hivi, wakishuka mpaka Afrika Kusini na kuzuru hospitali zipatazo 60 wakiuliza: mtoto kama huyu kwenye picha mmewahi kumwona? Walipochora ramani, majibu yakajipanga. Karibu na ikweta, ugonjwa ulipatikana katika nchi za chini, zenye joto na mvua, na ukapungua sana kuanzia futi 5,000 kwenda juu.

Msomaji, hebu panda matatu pale Homa Bay, upitie Rongo, ushukie Kisii. Kwa saa chache tu umetoka penye ziwa na mbu ukaingia penye baridi na chai. Mpaka ule wa Burkitt umeuvuka ukiwa umekaa kitini, mahali fulani kwenye kilima. Na ndivyo ilivyo: sisi wa Ndhiwa, Mbita, Karungu na Muhuru tuko ndani ya eneo lake. Gilbert Dalldorf na wenzake, waliofanya utafiti Kenya, walionyesha mwaka 1964 kwamba ramani ya ugonjwa huu na ramani ya malaria kali zinafanana.

Jambo la pili lilikuwa sikio la mtu mmoja. Machi 1961 Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtaalamu wa virusi. Epstein alisisimka. Akaomba aletewe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala, akavitazama kwa zaidi ya miaka miwili asione kitu. Desemba 1963 ukungu ukaizuia ndege kutua London, ikapelekwa Manchester, na kifurushi kikachelewa. Maji yaliyozunguka kipande kile yakawa na vumbivumbi, kama yameoza. Kumbe zilikuwa seli hai zikielea. Kutokana na seli zile, Epstein, Bert Achong wa kutoka Trinidad na Yvonne Barr waliweza kuviona virusi, wakachapisha mwaka 1964. Makala hayo yametajwa maelfu ya mara, na yale ya 1958 yaliyolala yakaamshwa nayo pia.

Hapa ndipo ninapougomba mtindo wa kuhesabu. Kuna kipimo cha uzito wa majarida kinachotazama makala ya miaka miwili iliyopita tu: yametajwa mara ngapi, gawanya kwa idadi yake. Kazi ya Burkitt isingefaulu mtihani huo. Kuna tena kipimo cha mtu binafsi kilichobuniwa na Jorge Hirsch mwaka 2005, kinachoitwa namba ya h. Yapange makala ya mtu kuanzia lililotajwa sana. Tuseme ana matano, yametajwa mara 40, 12, 7, 3 na 1. Matatu ya kwanza kila moja limetajwa angalau mara tatu, lakini hana manne yaliyotajwa angalau mara nne, kwa hiyo namba yake ni 3. Sasa tuseme lile la kwanza limetajwa mara 40,000 badala ya 40. Namba yake? Bado ni 3! Jambo moja kubwa halimpandishi mtu. Anapandishwa na mengi ya wastani. Kisha kuna kichekesho. Ugonjwa ulipopewa jina la Burkitt, wengi waliacha kuyataja makala yake, wakalitumia jina tu. Aliyefika mbali kuliko wote hahesabiwi hapo hata mara moja.

Hata hivyo sisemi kutajwa ni upuuzi. Ukifuata nani amemtaja nani, unaona mnyororo. Virusi vya Epstein vilipoonyesha kwamba saratani ya binadamu yaweza kuhusiana na virusi, wengine walianza kutafuta vingine. Mjerumani Harald zur Hausen, ambaye alianzia kwenye virusi hivyo hivyo, aligeukia saratani ya mlango wa kizazi, na mwaka 1983 yeye na wenzake wakatangaza aina ya virusi vya papiloma inayoisababisha. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Mnyororo haukuishia Ujerumani, ulifika Migori. Mwaka 2016 Megan Huchko na wenzake waligawa jamii 12 za kaunti hiyo katika makundi mawili. Upande mmoja wanawake waliitwa wapimwe virusi hivyo katika mikutano ya afya vijijini, upande wa pili katika vituo vya afya. Mwanamke alijichukulia mwenyewe kipimo, bila kulala kitandani mbele ya mtu. Mikutano ya vijijini ilivuta wanawake wengi zaidi. Lakini katika waliokutwa na virusi wakaambiwa waende hospitali kutibiwa, hata nusu hawakufika, upande wowote.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nilipokuwa darasa la saba, mtoto wa jirani yetu, wa miaka sita, alianza kuvimba shavu. Meno yakalegea. Mama yake alimpeleka kwa mtu wa kung'oa meno, akang'olewa mawili, wakarudi nyumbani wakingoja uvimbe upungue. Akaenda zahanati, akapewa dawa za kumeza. Uvimbe huo huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, lakini nani alijua? Zilipita wiki tano kabla ya mtu kusema neno saratani. Tulimzika Agosti. Mama alikuwa akiniuliza, "Mwanangu, wewe unayesoma, hivi ni kweli hakuna aliyewahi kuuona ugonjwa huu?"

Ulikuwa umeonwa. Tangu miaka ya 1960 ilijulikana kwamba ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa upesi kuliko nyingine zote, na penye matibabu kamili watoto zaidi ya wanane kati ya kumi hupona. Nyanza yetu imechunguzwa mara nyingi. Utafiti mkubwa wa 2010 hadi 2016 wa Uganda, Tanzania na magharibi mwa Kenya ulihusisha watoto zaidi ya 800 wenye ugonjwa huu. Nyumba yetu na zizi la yule mama viko ndani ya ramani. Makala yametajwa kule kote, ila hayajatajwa na mng'oa meno wa sokoni kwetu.

Nilimweleza yote haya yule kijana wa Kidato cha Pili. Akasema basi mgeni wetu angepaswa kuulizwa makala yake yamefika wapi, siyo mara ngapi. Nafikiri ana haki, ingawa nilimwambia kwamba bila mara ngapi, mtu wa Manchester na mtu wa Migori wasingekutana.

Ugonjwa huu huwashika zaidi watoto wa miaka minne hadi saba, tena wavulana kuliko wasichana. Umri huo unagusana na ule wa kung'oka meno ya utotoni, na ndiyo maana hudhaniwa ni jino. Mkienda likizo, mtazameni mdogo wenu mdomoni. Jino la utotoni hulegea peke yake, bila taya kuvimba. Yakilegea kadhaa na shavu likawa linakua, usimpeleke sokoni. Mpeleke hospitali ya kaunti siku hiyo hiyo, na mwambie daktari jina la Burkitt.