Vyungu vya mapambo ya pembetatu

Vyungu vya mapambo ya pembetatu ni aina ya vyombo vya udongo vilivyotumika Afrika Mashariki kati ya karne ya 6 na karne ya 10 BK. Vigae vyake vimepatikana katika pwani, kuanzia visiwa vya Lamu nchini Kenya hadi Msumbiji na Komori. Vimepatikana pia bara, hasa Dakawa katika Mkoa wa Morogoro, Tanzania.

Jina

Mwanaakiolojia Mtanzania Felix Chami alivipa jina hilo kutokana na mapambo yake. Alivieleza katika tasnifu yake ya uzamivu iliyotolewa mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi. Mark Horton, mwanaakiolojia Mwingereza aliyechimba Shanga katika kisiwa cha Pate, anaviita "Mapokeo ya Tana", kufuatana na mto Tana wa Kenya. Majina hayo mawili yanahusu vyombo vilevile.

Umbo na utengenezaji

Chombo cha kawaida ni chungu chenye tumbo la mviringo na shingo. Kilifinyangwa kwa mikono bila gurudumu. Kabla udongo haujakauka, mfinyanzi alichora pembetatu kuzunguka shingo kwa kitu chenye ncha, na mara nyingi alizijaza kwa mistari ya mshazari. Baadaye chungu kilichomwa kwenye moto wa wazi. Udongo uliochomwa hauozi, hivyo hata kigae kidogo chenye pembetatu humsaidia mchimbaji kukadiria umri wa tabaka la ardhi.

Dakawa

Dakawa iko kando ya mto Wami, kaskazini kwa Milima ya Uluguru, zaidi ya kilomita 100 kutoka Bahari Hindi. Randi Haaland wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, na C. S. Msuya walichapisha mwaka 2000 utafiti kuhusu ufinyanzi, kazi ya chuma na biashara ya wakazi wake wa kale.

Umuhimu

Kwa muda mrefu wataalamu wengi walidhani kwamba miji ya Waswahili ilianzishwa na wageni kutoka Uarabuni na Uajemi. Lakini huko Shanga, makazi yaliyoanza katika karne ya 8, vigae vingi hata katika tabaka za chini kabisa ni vya vyungu vilivyotengenezwa Afrika Mashariki. Kupatikana kwa aina hiyohiyo Dakawa, mbali na bandari, kunaonyesha kwamba watu wa pwani na wa bara walikuwa na utamaduni wa pamoja.

Wataalamu wanatofautiana kuhusu chanzo chake. Chami anavihusisha na wakulima wafua chuma waliotangulia kutumia vyungu vya aina ya Kwale, wakati Horton alihusisha pia wafugaji wa Kikushi. Wote wawili wanaona asili yake ni Afrika. Hata hivyo, kigae hakitaji lugha wala kabila la mfinyanzi, hivyo vyungu vya Dakawa peke yake havithibitishi kwamba waliovitengeneza ni mababu wa Waluguru wa leo.