Jina Jema Hujengwa kwa Kazi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, msemo huu usitufanye tudhani kuwa kujitangaza ni aibu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alitembeza vyungu akivinadi kwa sauti yake; na ni sauti hiyo hiyo iliyomfikisha Bombay, Bara Hindi, mwaka 1928, kutia nyimbo za Kiswahili katika sahani za santuri. Hakuwa na nasaba kubwa wala mali ya kumtangulia. Alitanguliwa na kazi yake.

Leo vijana wanaotafuta ajira na mafundi wanaotafuta wateja hujinadi kwa barua, kadi na simu za mkononi. Si vibaya. Lakini visiwani humu watu hujuana: fundi akiusifu mkono wake, mlango aliouchonga utatoa ushahidi, karani akijigamba kwa uaminifu, daftari lake litamsema. Ajipambaye kwa sifa za kuazima huumbuka siku ya kazi.

Wakuu wa ofisi nao wana wajibu. Wakiajiri kwa kujuana, huwafundisha vijana kutafuta wajomba badala ya ujuzi. Hawana budi kumwuliza kila mwombaji: kazi gani umeifanya, na nani ameiona? Hapo ndipo jina jema litakapokuwa na thamani.