Mapepe na Chara-chara

Katika Kijapani kuna neno chara-chara, ambalo kwa asili ni tanakali ya sauti: mlio wa vitu vidogo vya chuma vigonganapo, kama sarafu mfukoni. Kutoka hapo maana ikapanuka, neno likawa humtaja mtu apendaye mavazi ya kumetameta, maneno mepesi na kuchezacheza na mapenzi. Katika mazungumzo limezaa kivumishi charai, na kijana wa kiume mwenye tabia hiyo huitwa charao.

Mfasiri wa Kiswahili alikutapo neno hili hushawishika kuandika "mhuni". Hilo ni kosa, tena si dogo. Mhuni amekwisha kuhukumiwa. Charao amesikika tu akilia kama sarafu. Neno lililo karibu zaidi ni mapepe.

Mapepe, kabla ya kuwa tabia, ni punje tupu za nafaka, zile zisizo na kiini. Ungo ukirushwarushwa, punje nzima hurudi, mapepe yakachukuliwa na upepo. Basi asemwaye kuwa "ana mapepe" hakutajwa uovu wake, bali wepesi wake: hana uzito wa kumkalisha mahali. Kuwapo kwa pepea, pepeta na peperuka kandokando ya neno hili hakuelekei kuwa nasibu. Kiherehere kimepita njia nyingine: "kiherehere cha moyo" ni mapigo ya wasiwasi, na neno hilohilo humsema ajitiaye mbele katika yasiyomhusu. Kijapani kimeanzia sikioni. Kiswahili, jichoni na moyoni.

Mahali kama Matasia, kati ya Ngong na Kiserian, ambako Kiswahili huwakutanisha watu wasemao Kimaasai, Kikuyu na lugha nyinginezo nyumbani, neno laweza kupokewa bila ya punje yake. Mzazi amwambiapo bintiye "acha mapepe", aujuaye ungo husikia onyo. Asiyeujua aweza kusikia tusi. Na aambiwaye aghalabu ni binti. Hapa ndipo lugha hizi mbili zinapoachana, kwani charao ni mwanamume, hali mapepe hutupiwa zaidi msichana, ingawa sarufi haimbagui yeyote. Kamusi itosheayo kusema "tabia ya kutotulia" haikukosea, ila imeutupa ungo. Kidahizo hicho chahitaji maana ya punje itangulie, na mfano mmoja wa mvulana.